Miaka minne ya kimya kabla ya kifafa

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliniletea mwanawe wa miaka saba. Ndani ya mwezi mmoja mtoto alikuwa ameanguka mara mbili, macho yamegeuka, povu mdomoni. Akiwa na miaka mitatu malaria ilimpanda kichwani, akalala siku mbili bila fahamu, kisha akapona na kurudi kucheza. "Dokta, malaria ile iliisha. Sasa hii imetoka wapi?" Majirani walikuwa wameshamjibu: karogwa.

Ile miaka minne ndiyo inayowapoteza watu. Mtoto alikuwa anacheza, lakini ubongo ulikuwa kazini.

Seli za neva husemezana kwa kemikali: glutamati huchochea, GABA hutuliza. Aliyeshuka mteremko wa Kadutu kwa pikipiki anajua breki ni uhai. Malaria kali huziba mishipa midogo ya ubongo na kuleta degedege refu, na katika sehemu ya kumbukumbu, hipokampasi, baadhi ya seli za breki hufa. Seli za kuchochea zilizobaki huchipua matawi mapya na kushikana zenyewe kwa zenyewe, hivyo mchocheo unamrudia aliyeutuma. Astrositi, seli zinazofyonza glutamati na potasiamu iliyozidi, huvimba na kulegea. Kisha linakuja lile ambalo hadi leo hunishangaza: pampu inayotoa kloridi nje ya seli hupungua, kloridi inajaa ndani, na GABA inaanza kuchochea. Breki imegeuka mafuta! Mengi ya haya yameonekana kwa panya na katika vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa upasuaji.

Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, ajali ya kichwa, mabuu ya tegu wa nguruwe: milango ya kifafa ni mingi. Wengine huzaliwa na jeni yenye kasoro.

Kinachoniuma ni kwamba fenobabitali, dawa ya kifafa inayotumika tangu 1912, huzuia kuanguka tu. Hatuna bado dawa iliyothibitika kuzuia matawi yale wakati wa kimya.

Nilimchorea mama seli mbili na matawi yake kwenye karatasi.

"Kumbe ilianza akiwa anacheza?"

"Ndiyo, mama. Na hakuna aliyeituma."

Akaikunja karatasi pamoja na dawa, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Alisema anampelekea mama mkwe.