Kutazama kriketi ndani ya VR: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Ukitaja kriketi na uhalisia pepe (VR) kwa pamoja karibu kila mtu anawaza kitu kilekile: unavaa hedseti, umekaa uwanjani, kazi imeisha. Mi kutengeneza vitu vya VR nakupenda na kriketi naipenda zaidi, sasa nikiona mtu anaanza projekti na hizi dhana inaniuma kwa sababu najua atafika wapi, atakuwa na uwanja mzuri, mashabiki wanapiga kelele, na mpira hauonekani.

Dhana: weka kamera ya digrii 360 kwenye baundari, yaani mpaka wa uwanja, rusha laivu, basi.

Hebu tupige hesabu. Mpira wa kriketi una kipenyo cha kama sentimita 7. Kutoka baundari hadi katikati ya uwanja tuseme ni mita 70. Video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana, na hizo zote umeshazitandaza kuzunguka digrii 360, kwa hiyo kila digrii inabaki na pikseli kama 11 tu. Mpira ukiwa mita 70 unachukua 0.06 ya digrii. Zidisha uone, hata pikseli moja haifiki! Ukipanda hadi 8K unapata pikseli moja na kidogo, ambayo bado ni nukta inayopotelea kwenye jezi za wachezaji au kwenye watu waliojaa jukwaa la ng'ambo. Halafu kuna spidi, mrushaji wa kasi akiachia mpira kwa kilomita 145 kwa saa unakwenda mita 40 kwa sekunde, sa kama video yako ni fremu 30 kwa sekunde basi kati ya fremu moja na inayofuata mpira umeshasogea zaidi ya mita nzima.

Ndo maana nasema usianze na uwanja, anza na mpira. Mifumo ya kuufuatilia ipo siku nyingi, Hawk-Eye ilianza kuonekana kwenye matangazo ya kriketi mwaka 2001, kamera kadhaa zinauangalia mpira kutoka pande tofauti na kompyuta inapata njia yake. Ukipata data ya namna hiyo unauchora mpira upya ndani ya VR, unaupa mkia mfupi wa rangi, na mkia unafutika kabla mrushaji hajaanza kukimbia tena. Wapo wanaosema hiyo inaharibu uhalisia. Sikubaliani nao hata kidogo, maana bila mpira mtazamaji anabaki anaangalia watu wanakimbia na hajui wanakimbilia nini.

Dhana: ukiwa karibu zaidi ndo utamu zaidi, mweke mtu kwenye wiketi kabisa, pale penye vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji.

Mara moja, sawa, atashtuka na atafurahi. Ila mpira wa kasi unamfikia mpigaji ndani ya kama nusu sekunde na mtu ambaye hajazoea haoni kama ulipinda hewani au ulibadilika baada ya kudunda. Pahali pazuri pa kuelewa mchezo ni nyuma ya mrushaji, juu kidogo, pale unaona mstari wote wa pichi, ule ukanda wa katikati mpira unaporushwa. Lakini kamera halisi huwezi kuitega popote upande huo, kuna lile pazia kubwa, jeupe kwa mpira mwekundu na jeusi kwa mpira mweupe, linalompa mpigaji mandhari safi ya kuuona mpira, ukilikinga umemharibia mtu kazi yake.

Na hapa kuna jambo wabunifu wengi hawalifikirii mpaka wafike katikati ya kazi. Kila ova ni mipira 6, ikiisha urushaji unahamia upande wa pili wa pichi. Kwenye TV wanabadilisha kamera tu na wewe uliyekaa nyumbani wala hushtuki. Kwenye VR umemgeuza mtu mzima, jukwaa lililokuwa kushoto kwake liko kulia, jua limehama, anabaki anajiuliza yuko wapi. Wengine wanaona dawa ni kumrusha angani kama kamera zile za kwenye waya, aelee mpaka ng'ambo, na hapo ndo kichefuchefu kinapoanza kwa wengi, macho yanasema tunakwenda na sikio la ndani linasema tumekaa. Mi ningemwacha alipo. Ova moja anaangalia kutoka nyuma ya mrushaji, inayofuata anaangalia kutoka nyuma ya mdaka mpira anayekaa nyuma ya wiketi, na kule nyuma mpira unaopinda unaonekana vizuri sana. Akitaka kuhama abonyeze mwenyewe, wakati wachezaji nao wanabadilishana pande, picha iingie giza kidogo halafu ifunguke upande wa pili.

Matokeo pia msiyagandishe mbele ya uso kama kwenye TV, yakifuata kichwa kila kinapogeuka yanachosha. Yawe ubao uliosimama chini mbele yake, akitaka anainamisha macho.

Dhana: 3D itampa hisia ya umbali.

Macho yetu yameachana kama sentimita 6 tu. Kwa mita 70 tofauti ya picha ya kushoto na ya kulia ni ndogo mno, hedseti inashindwa kuionyesha. Sauti inasaidia zaidi: kutoka umbali huo mlio wa bati unakufikia sekunde 0.2 baada ya kuona pigo, ukiacha huo ucheleweshaji mdogo ubaki, mwili unaamini uko mbali.

Dhana: mtu atavaa hedseti mechi nzima.

Hata T20, ile mechi fupi ya ova 20 kwa kila timu, ni kama saa tatu na hedseti nyingi zina uzito wa nusu kilo hivi, na Test, ile mechi ndefu, ni hadi siku tano. Watu wataingia na kutoka, kwa hiyo tengeneza kwa ajili ya anayerudi. Akirudi na kuna wiketi imeanguka, yaani mpigaji ametolewa, msimwonyeshe maandishi, mpelekeni pale kwa mpigaji, mpira umesimamishwa hewani hatua moja kabla ya vijiti vyenye urefu wa sentimita 71, azunguke, ainame, aone ile nafasi kati ya bati na pedi za miguuni ambayo mpira ulipitia.