Kuchambua lugha ya matini za Kiingereza ni kufanya nini?

Kuchambua lugha ni kueleza jinsi maneno aliyoyachagua mwandishi yanavyomfanya msomaji aone au ahisi jambo fulani. Tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, urefu wa sentensi: hizo ni mbinu. Wanafunzi wengi huzitaja kwa majina, kisha wakaweka kalamu chini. Hapo wameorodhesha, hawajachambua.

Tazama mwanzo wa Bleak House, riwaya ya Charles Dickens iliyoanza kuchapishwa mwaka 1852. Sentensi ya kwanza ni neno moja: London. Punde unaingia ukungu. Uko mtoni juu, uko mtoni chini, uko melini, umewaingia wazee machoni na kooni. Neno “fog” linarudi na kurudi. Anayeandika “hapa pana takriri” amesema kweli, lakini bado hajatwambia kitu. Kurudia huko kunafanya nini? Kunamzingira msomaji: akigeukia huku anaukuta ukungu, akigeukia kule anaukuta.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Katika aya hiyo ya ukungu sentensi hazina kitenzi kikuu chenye wakati. Sisi twasema “Baba mgonjwa” na sentensi imekamilika, kwa hiyo ni rahisi tusishtuke. Kiingereza sanifu hudai kitenzi, na kikikosekana msomaji huhisi pengo: hakuna kinachoanza, hakuna kinachokwisha, kila kitu kimeganda. Kisha Dickens anatupeleka kwenye mahakama ambayo kesi zake huburutwa miaka na miaka, na jaji ameketi katikati kabisa ya ukungu ule. Sasa si hali ya hewa tena, ni picha ya sheria isiyoona mbele. Ukifika hapo, umechambua.

Njia ninayoiamini ni kubadilisha neno. Mwandishi akisema mtu alinyata hadi mlangoni, weka “alitembea” mahali pake, usome tena. Siri imetoweka, na hofu ya kusikika imekwenda nayo. Kilichopotea ndicho cha kuandika. Jina la mbinu likikujia, litaje. Lisipokuja, eleza kazi ya neno lenyewe. Nukuu nayo iwe fupi, neno moja au mawili, ili kila unachokisema kiwe na mahali pa kushikia.