Majina ya Kihindi kwa mtoto mchanga: yanayosemwa na yalivyo

Siku hizi mtu akijaliwa mtoto na akataka jina la Kihindi, anashika simu kwanza. Anaandika "majina ya Kihindi na maana zake", analetewa majina mamia kuanzia herufi A, kila moja na maana yake ya sukari pembeni: nuru, amani, mshindi, malkia. Wahindi wenyewe wanafanya hivyo hivyo, walioko Mumbai na walioko Leicester. Na huku kwetu, waliowaita binti zao Anjali au Simran kwa sababu ya filamu wamo kwenye foleni hiyo hiyo. Orodha hizi, pamoja na maneno ya mtaani, zimeeneza mambo ambayo si kweli au ni kweli nusu.

Dhana: Maana iliyo kwenye orodha ndiyo maana ya jina

Tuanze na Aarav, kwa kuwa ni vigumu kukuta orodha ya watoto wa kiume isiyokuwa nalo. Lilipata umaarufu baada ya mwigizaji Akshay Kumar kumwita hivyo mwanawe aliyezaliwa 2002. Orodha zinasema maana yake ni "mtulivu". Fungua kamusi ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India: neno hilo, lenye a ndefu mwanzoni, ni kelele, kilio, mngurumo. Yaelekea mkanganyiko umetokana na a yenyewe. Kisanskriti hukanusha kwa kutanguliza a fupi, na rava ni sauti, hivyo kwa a fupi ungeweza kupata "asiye na sauti". Lakini jina linaandikwa kwa a mbili, na a ndefu haikanushi. Mzazi aliyeamka saa tisa usiku kumbembeleza Aarav wake anajua kamusi haikukosea.

Anaya nalo lina mkosi wa namna hiyo. Naya ni mwenendo mwema, ukiweka a ya kukanusha unapata mwenendo mbaya, au balaa. Orodha zinakwambia "asiye na wa kumzidi". Familia ya Kiislamu inayomwita binti Inaya, kutoka Kiarabu, haimo katika tatizo hili: hilo ni uangalizi, ulezi, na ni jina zuri kabisa.

Halafu yupo Rahul, kijana wa mapenzi tunayemjua kutoka filamu kibao. Orodha zinampa "mshindi wa dhiki zote". Mwenye jina hilo wa zamani, Rahula, ni mtoto wa Siddhartha aliyekuja kuwa Buddha, na simulizi za Kibudha zinasema baba alipopata habari za kuzaliwa kwake alitamka kwamba pingu imezaliwa, maana mtoto angemfunga nyumbani wakati yeye anataka kuondoka kutafuta ukweli. Mamilioni wanaitwa Rahul na hawana pingu yoyote.

Sisemi uache jina unalolipenda. Kajol ni wanja tu, ule wa machoni, na nani amewahi kuliona jina baya? Nasema ukitaka maana, muulize anayeisoma lugha yenyewe: mwalimu wa Kisanskriti, padri wa hekalu, bibi anayesoma Kigujarati au Kitamil. Na muulize jina linavyoandikwa kwa hati yao, kwa sababu herufi zetu za Kirumi zinaficha urefu wa irabu, na urefu huo ndio unaobeba maana. Rama mwenye a ndefu ya kwanza ni shujaa wa utenzi wa kale wa Ramayana. Mwenye a ndefu ya mwisho ni jina la Lakshmi, mungu wa kike wa neema.

Dhana: Jina la Kihindi ni jina la Kihindu

Tunaochanganya Mhindi na Mhindu hatuko peke yetu. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 170, na majina yao mengi ni ya Kiarabu na Kiajemi. Shah Rukh ni Kiajemi, "uso wa mfalme". Wakristo wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, wanamwita George "Varghese", Yakobo "Chacko" na Mathayo "Mathai", kwa mapokeo ya Kisiria yaliyofika pwani yao ya Malabar karne nyingi kabla ya Wareno. Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi, wana majina ya Uajemi ya kale: Jamshed, Cyrus, Farrokh. Farrokh mmoja alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 1946, jina lake la ukoo Bulsara, la mji wa Bulsar kule Gujarat. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury.

Na mipaka yenyewe si ya ukuta. Tajiri Allidina Visram, Muismaili kutoka Kutch aliyetapakaza maduka kutoka pwani hadi Uganda, alikuwa na jina la Kiislamu, na Visram la baba yake ni la Kihindu kabisa.

Dhana: Baba na mama ndio wanaompa mtoto jina

Kwa Wagujarati, mwenye kutaja jina ni foi, yaani dada wa baba. Shangazi huyu si mgeni mwalikwa, bila yeye shughuli haifanyiki. Siku ya sita baada ya kuzaliwa huitwa chhathi. Usiku huo, karibu na mtoto, huwekwa karatasi nyeupe na kalamu, mara nyingi ya wino mwekundu, kwa sababu inaaminika kuwa Vidhata, mungu wa kike wa majaaliwa, atapita kumwandikia mtoto maisha yake. Asubuhi karatasi iko tupu kama ilivyowekwa, na hakuna anayeshangaa. Maandishi yale si ya kusomwa na binadamu.

Kwenye kutoa jina, siku hiyo au baadaye, mtoto hulazwa kwenye kitambaa, watoto au ndugu wanne wanashika pembe zake na kukibembeza huku wakiimba: *Oli jholi pipal paan, foie padyu... naam*. Pembea, jani la mpipali, foi ametoa jina, na hapo kwenye nukta foi analitaja. Ukweli wa siku hizi ni kwamba foi mara nyingi anatangaza jina ambalo wazazi walishamtumia kwa WhatsApp wiki mbili kabla. Lakini sauti inabaki yake, na zawadi anastahili.

Maandiko ya Kihindu yana sherehe yao, namakarana, ambayo kwa mapokeo hufanywa siku ya kumi, ya kumi na moja au ya kumi na mbili. Waislamu wana akika siku ya saba, jambo tunalolijua vizuri. Wabengali wanampa mtoto majina mawili: bhalo naam, la shule na cheti, ambalo huchaguliwa kwa makini, na daak naam, la kuitwa nyumbani, ambalo linaweza kuwa kitu chochote. Profesa mwenye nywele nyeupe, bingwa wa uchumi, kwa shangazi zake anabaki Khokon au Babla mpaka anazikwa. Kwa hiyo ukimuuliza Mbengali "jina lako lina maana gani", ujue kwanza unauliza lipi.

Dhana: Nyota inaamuru jina zima

Wanaofuata falaki ya Kihindu hawapewi jina, wanapewa silabi. Njia ya mwezi imegawanywa manazili 27, nakshatra, na kila moja ina robo nne. Jumla ni robo 108, kila robo na silabi yake. Mtoto aliyezaliwa mwezi ukiwa Rohini anaangukia kwenye O, Va, Vi au Vu, kutegemea robo. Mwezi hukaa kwenye robo moja takriban saa sita, ndiyo maana wanasisitiza saa ya kuzaliwa iandikwe sawasawa. Baada ya hapo uwanja ni wako: Varun, Vani, Vidya, Vimal, upendavyo. Wengine silabi ikiwa ngumu wanampa mtoto jina la nyota la kutumiwa kwenye ibada tu, na shuleni anaitwa jingine.

Masingasinga nao wanapokea herufi, si jina, ila si kutoka kwenye nyota. Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, hufunguliwa popote, na herufi ya kwanza ya utenzi uliotokea ndiyo inayoanza jina.

Kuhusu wale wanaoipa kila herufi namba, kisha wanakuongezea herufi ili "hesabu ikae" na jina lilete bahati, nitakuwa mfupi. Jayalalithaa, mwanasiasa wa jimbo la Tamil Nadu, kusini, aliongeza a ya mwisho mwaka 2001 kwa ushauri wa namna hiyo. Kila mtu na imani yake. Ila hesabu hiyo inapigwa kwa alfabeti ya Kiingereza, na waliotunga Veda, maandiko ya kale ya Wahindu, hawakuwa nayo, kwa hiyo asikuuzie mtu kama elimu ya miaka elfu tatu.

Dhana: Jina likiishia na "a" ni la kike

Krishna, Aditya, Surya: wote wanaume. Lugha za kusini huitamka a hiyo ya mwisho, Kihindi cha kaskazini huimeza, ndiyo maana huyo huyo ni Shiva huku na Shiv kule. Jyoti, "mwanga", kwa kawaida ni la kike, lakini Jyoti Basu alikuwa mwanamume na aliongoza serikali ya Bengali Magharibi tangu 1977 hadi 2000. Kwa Masingasinga jina la kwanza halina jinsia. Harmanpreet Singh amekuwa nahodha wa timu ya wanaume ya mpira wa magongo ya India, Harmanpreet Kaur nahodha wa kriketi ya wanawake. Singh na Kaur ndizo zinazokuambia nani ni nani.

Dhana: Jina la maana mbaya ni laana au ujinga wa wazazi

Kwanza, "mbaya" ni kwa kipimo cha nani? Krishna ni mweusi. Shyamala ni mweusi pia, na ndilo jina la mwanasayansi aliyezaliwa Madras na kumzaa Kamala Harris. Majina haya ni ya sifa, yenye heshima ya kimungu, ndani ya jamii ambayo matangazo yake ya ndoa bado yanaulizia bibi harusi mweupe. Sijawahi kuona mtu akieleza mkanganyiko huo ukaeleweka.

Pili, yapo majina ya kinga. Nyumba iliyofiwa na watoto mfululizo ilimwita anayefuata Kachra, yaani takataka, au Bhikhubhai, wa kuombwa kama sadaka, ili jicho baya lione hakuna cha kuchukua. Aliyeitwa hivyo ndiye aliyependwa kuliko wote. Anayejua akina Shida na Mashaka wa kwetu hatakurupuka kucheka.

Lakini kuna jina ambalo halina kinga ndani yake. Katika wilaya ya Satara, Maharashtra, mabinti waliozaliwa wakati familia ikisubiri mtoto wa kiume waliitwa Nakusa, "asiyetakiwa". Oktoba 2011 wilaya iliandaa hafla, wasichana 285 wakachukua majina mapya na vyeti vyake. Baadhi walichagua majina ya miungu, kama Savitri. Wengine walichagua Aishwarya, la mwigizaji. Atakayewabeza kwa kuchagua jina la sinema, baada ya kuitwa Usiyetakiwa miaka yote hiyo, na ajitafakari.

Dhana: Jina la mwisho ni la ukoo

Magharibi mwa India, ndiyo, na mpangilio hautatushinda: la mtu, la baba, la ukoo. Mcheza kriketi Sachin Ramesh Tendulkar ni Sachin wa Ramesh. Tamil Nadu ni kinyume. Bingwa wa sataranji Viswanathan Anand anaitwa Anand, Viswanathan ni baba yake, na mashabiki wanaomwita "Vishy" wanafupisha jina la mzee. Sababu mojawapo ni siasa. Mkutano wa vuguvugu la Kujiheshimu uliofanyika Chengalpattu mwaka 1929 uliwataka watu watupe majina ya tabaka, na wengi wakabaki na jina lao pamoja na herufi ya baba. Kaskazini, Sharma au Yadav bado linamweleza msikilizaji tabaka kabla hujaketi, na wazazi wanaokwepa hilo humpa mtoto Kumar au jina moja tupu.

Uhuru huo wa Watamil umezaa mambo. M. K. Stalin, aliyeapishwa waziri kiongozi wa Tamil Nadu mwaka 2021, alizaliwa tarehe 1 Machi 1953, na baba yake Karunanidhi akampa jina la kiongozi wa Kisovieti, ambaye alikufa siku nne tu baadaye.

Dhana: Lazima uwe na jina kabla ya kutoka hospitali

Sheria ya India ya 1969 inataka kizazi kiarifiwe ndani ya siku 21. Kizazi, si jina. Mtoto anaweza kusajiliwa bila jina, likaongezwa bure ndani ya miezi 12, na baada ya hapo hadi miaka 15 kwa ada ya kuchelewa. Kwa hiyo subirini chhathi, msubirini shangazi afike kutoka Rajkot, msubirini padri aliyesafiri.

Pa kukazania ni tahajia. Kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023, cheti cha kuzaliwa ndicho ushahidi pekee wa tarehe na mahali pa kuzaliwa kwa kuingia shule, leseni, kura na pasipoti. Amueni mapema kama ni Puja au Pooja, Arav au Aarav, liandikeni kwenye karatasi kwa herufi za Kirumi na kwa hati ya jimbo lenu, mkabidhini karani akopi kutoka hapo badala ya kusikiliza na kukisia.