Hesabu za kemia na za dozi: usiiachie yuniti ikapotea njiani

Wanafunzi wengi wanaotufuata wakisema kemia imewashinda, ukikaa nao kidogo tu unakuta kuzidisha na kugawanya wanajua vizuri kabisa, kinachowaangusha ni kwamba wanaandika namba tupu. Anaandika 500, ukimuuliza 500 ya nini, gramu au miligramu (hiyo ndiyo yuniti), anarudi kutafuta kwenye swali. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia, na kwenye dawa kosa kama hilo linaweza kumuumiza mtu kweli.

Tuchukue kidonge cha kutuliza asidi ya tumbo chenye miligramu 500 za kalsiamu kaboneti. Swali: kinaweza kumaliza asidi kiasi gani? Anza na mlinganyo, CaCO₃ ndiyo kalsiamu kaboneti na HCl ndiyo asidi ya tumbo: CaCO₃ + HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂. Hesabu klorini (Cl), kushoto ipo moja kulia ziko mbili, kwahiyo weka 2 mbele ya HCl, na ukiangalia haidrojeni nayo imekaa sawa. Namba unaiweka MBELE tu, zile ndogo za chini usiziguse hata siku moja, maana ukibadilisha H₂O ikawa H₂O₂ hujasawazisha kitu, umetengeneza kemikali nyingine kabisa, na hiyo hainyweki.

Sasa ile 2 inakwambia moli moja ya kaboneti inakula moli mbili za asidi. Moli, sio gramu! Moli ni kipimo cha kuhesabia idadi ya chembe, kama vile dazeni. Moli moja ya CaCO₃ ni gramu 100 (kalsiamu 40 + kaboni 12 + oksijeni tatu 48), miligramu 500 ni gramu 0.5, gawanya kwa 100 unapata moli 0.005, zidisha kwa 2 ni moli 0.01 za asidi. Kama asidi yenyewe ina moli 0.1 kwa lita basi hiyo ni lita 0.1, yaani mililita 100. Aliyesahau kugeuza miligramu kuwa gramu atapata lita 100, na hakuna tumbo la hivyo.

Dozi nayo ni njia ileile. Mtoto ana kilo 12 na ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo: 15 × 12 = miligramu 180 kwa mara moja. Watu wengine wakifika hapa wanaona wamemaliza, kumbe mtoto hanywi miligramu, anakunywa mililita, kwahiyo lazima usome lebo. Chupa imeandikwa miligramu 120 kwenye mililita 5, ni sawa na miligramu 24 kwa kila mililita moja, 180 gawanya kwa 24 unapata mililita 7.5.

Na hapa naomba mzazi na mwanafunzi wote wanisikilize. Kuna sirapu za parasetamoli zenye miligramu 250 kwenye mililita 5, dawa ni ileile ila nguvu ni zaidi ya mara mbili. Ukizoea 7.5 yako ukampimia kutoka kwenye chupa hiyo umempa miligramu 375 badala ya 180, wakati alitakiwa apewe mililita 3.6 tu. Kila chupa mpya, soma lebo upya, piga hesabu upya, au muulize mfamasia kabla hujapima. Tumia sirinji au kikombe chenye alama, vijiko vya jikoni havilingani.

Kwenye kuandika pia, andika 0.5 usiandike .5, kwasababu nukta ikifutika inasomeka 5. Na 5 iandike 5 tu, ile 5.0 mtu akiwa na haraka anaona 50.

Ukishapata jibu usiliandike kwanza, liangalie linaingia akilini. Kwa huyu mtoto wa kilo 12, jibu likikutokea mililita 75 na chupa nzima ni mililita 100, ujue nukta imehama, rudi mstari kwa mstari uangalie ni wapi yuniti ilidondoka.