Ubongo, Njaa na Sukari ya Damu: Maswali na Majibu

Kwa nini nikichelewa kula natetemeka na kukasirika ovyo?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila ukiwa umepumzika unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zako zote. Nao hauna akiba ya maana ya sukari. Unategemea ile inayoletwa na damu. Ikianza kushuka, sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi huamsha tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, homoni ya dharura. Kongosho nalo hutoa glukagoni, homoni inayolifanya ini liachie sukari liliyoihifadhi. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio: hiyo ni adrenalini.

Si kongosho ndilo linalosimamia sukari?

Ndilo, kwa insulini, homoni inayoshusha sukari, lakini haliko peke yake: ubongo nao unahusika. Katikati ya karne ya 19, mwanasayansi Claude Bernard wa Ufaransa alidunga sehemu ya chini ya ubongo wa sungura, na sukari ya mnyama huyo ikapanda.

Mtu mnene si hajui tu kujizuia?

Kauli hii inaumiza watu bure. Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman huko New York, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Wanene wengi wana leptini tele, ila ubongo wao hauisikii vizuri, hivyo huendelea kudai chakula. Usingizi mchache nao huongeza grelini, homoni ya njaa itokayo tumboni.

Mama anatumia insulini. Siku hizi sukari yake inashuka hadi 3 (kwa kipimo cha mmol/L) na hahisi lolote. Amezoea?

Ubongo wake ndio uliozoea, na hapo ndipo penye hatari. Sukari ikishuka mara kwa mara, ubongo huchelewa kutoa ile adrenalini, kwa hiyo mama anaweza kupitiliza moja kwa moja hadi kuchanganyikiwa au kuzimia. Hali hii huwapata pia wanaomeza vidonge vya kisukari kama glibenklamidi.

Asingoje dalili, apime, hasa kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 3.9, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida (isiyo na sukari haifai kitu). Apime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, arudie. Ikipanda, ale mkate au ndizi. Akizimia, msimtie chochote mdomoni: mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Halafu mpelekeni kwa daktari wake aangalie upya dozi. Sukari ikizuiwa isishuke kwa wiki kadhaa, mara nyingi dalili hurudi.