Kabla ya kugusa midoli, chora dirisha

Mama mwenye duka alisimama mgongoni kwangu, akaitazama karatasi yangu, akacheka. "Mwanangu, nimekuita unipangie dirisha, wewe umekaa unachora katuni?" Nilikuwa nimeketi juu ya robota la khanga pale Kariakoo, rula mkononi, midoli minne iko uchi pembeni na jua limeshapanda.

Nimezoea. Wengi wanadhani kupanga dirisha ni kuvalisha midoli na kusogezasogeza vitu mpaka vipendeze. Mimi siku ya kwanza sigusi nguo. Natembea na tepu, penseli na karatasi za A4, basi.

Dirisha lile lina upana wa mita 3, kimo mita 2.4, na kwenda ndani sentimita 80. Nachora kwa kipimo cha 1:20, yaani sentimita 20 za dukani zinakuwa sentimita 1 karatasini. Dirisha zima linageuka kisanduku cha 15 kwa 12, na bado pembeni panabaki mahali pa kuandika. Nachora mara mbili: mara moja kama anavyoliona mpita njia, mara ya pili kama anavyoliona mjusi aliye darini. Ule wa mjusi ndio watu huuruka, kumbe ndio unaokuonyesha kwamba mdoli uliojishika kiuno, kiwiko chake kitagusa kioo.

Na chora kilicho nje pia. Mbele ya duka hili kuna meza ya machinga wa soksi, kijana mstaarabu tu, lakini meza yake na mzigo ulio juu yake vinaziba sentimita 90 za chini. Ukichora dirisha bila ile meza umechora dirisha la mtaa mwingine.

Sasa, mama alitaka doti zote 24 zionekane. Sikubishana naye. Khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, kwa kipimo changu ni 7.5 kwa 5.5. Nikakata vipande vya karatasi vya ukubwa huo, nikamwambia, "Mama, panga mwenyewe." Viwili vikajaza upana wote. Akaweka viwili vingine juu yake, dirisha likazibika kama pazia, na mkononi bado anavyo ishirini. Akanyamaza, akavuta kigoda. Hapo tukaanza kuelewana.

Tukakubaliana khanga moja tu itandazwe, nyingine zikunjwe rafuni. Lakini itandazwe wapi? Mteja wa khanga anatazama mji na pindo, kisha anasoma jina. Jina halisomeki, khanga haijasema. Kwa hiyo nilianza na jina: nikalichorea mstari kwenye usawa wa macho, kama sentimita 150 kutoka chini, halafu ndipo nikaichora khanga kuuzunguka ule mstari. Kwa kuwa jina hukaa upande wa chini wa khanga, pindo la juu likapanda mpaka karibu na dari. Ukiitazama karatasini unaona imepaa mno. Ukisimama barabarani, iko sawasawa.

Rangi? Bado. Kwanza naujaza mchoro kwa penseli ya 4B, ngazi tatu tu: karatasi tupu, kijivu, na nyeusi ya kukandamiza. Kisha nauegemeza ukutani, narudi nyuma, nafinya macho. Kama sioni kitu kimoja kinachojitokeza, mpango haujakaa, na hakuna rangi itakayouokoa. Nyekundu na kijani zilizokolea sawasawa zinapigiana kelele machoni, lakini zipige picha kwa simu halafu uitoe rangi picha hiyo: mara nyingi unabaki na kijivu kimoja. Tena kuna suala la kioo. Ukiweka mandhari ya giza nyuma ya kioo kinachotazama barabara yenye jua kali, umetengeneza kioo cha kujitazamia. Mteja atarekebisha mtandio wake na kuondoka.

Nikiridhika na giza na mwanga ndipo nakata vipande vya vitambaa vyenyewe. Situmii penseli za rangi kwa hatua hii, maana damu ya mzee ya penseli na damu ya mzee ya pamba hazijawahi kufanana. Chini ya mchoro nachora utepe wa sentimita 15 na kubandika vipande kwa uwiano: hapa ilikuwa 9 za rangi ya maziwa, 4.5 za bluu iliyokolea, na 1.5 za rangi ya chungwa. Uwiano huo si amri. Duka la nguo za watoto ningeuvunja bila kuomba radhi.

Ujirani wa rangi ndio unaosumbua zaidi. Huko Ufaransa, mkemia Michel Eugène Chevreul alipokuwa akisimamia idara ya rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akazichunguza, akakuta hazina kasoro. Zilikuwa zimefumwa kando ya bluu na zambarau, na majirani hao ndio waliouchujisha weusi wake machoni. Alichapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1839. Mimi nalikuta kila wiki: kijivu kikikaa kando ya nyekundu kinaanza kuonekana na ukijani, na muuza vitambaa anatukanwa bure.

Taa nilijifunza kwa aibu. Zamani, kwenye duka jingine, nilipanga dirisha zima la damu ya mzee mchana, nikapiga picha, nikalipwa. Usiku mwenye duka akanipigia: nguo zimekuwa rangi ya maini. Taa zilikuwa nyeupe za 6500K, za bei nafuu; hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, na namba ikipanda mwanga unaelekea bluu. Tangu hapo nasoma boksi la taa, natafuta 3000K na Ra, yaani alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, ya 90 kwenda juu, na bado siiamini, kwa sababu Ra hupimwa kwa sampuli 8 za rangi zisizokolea na nyekundu iliyokolea haimo. Kwa hiyo utepe wangu wa vitambaa nauangalia mara mbili, mchana mlangoni na usiku chini ya taa ileile itakayowaka dirishani.

Mama aliuomba ule mchoro, akaubandika nyuma ya mlango wa stoo. Juzi nimepita. Khanga imebadilishwa, jina ni jingine, lakini liko palepale kwenye usawa wa macho. Ila kuna mdoli wa tano, na kiwiko chake kimegusa kioo.