Sewahaji siyo wodi tu

Juzi kati nilienda Muhimbili kumwona mgonjwa, namuuliza mlinzi nielekee wapi, ananijibu "yupo Sewahaji, siyo Mwaisela". Nikamchokoza kidogo, kwani Sewahaji ni nini? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, "si jengo lile pale mzee". Sikumlaumu, maana hata madaktari niliowahi kuwauliza wanajua ni jengo basi.

Mimi kazi yangu ni kufukua habari za familia za wafanyabiashara wa zamani wa pwani, nashinda kwenye hati za nyumba na majina yaliyoandikwa kwa makosa, kwa hiyo nianze na jina lenyewe kwa sababu limebeba nusu ya hadithi. Sewahaji alikua mtu, mfanyabiashara wa Bagamoyo wa karne ya 19, na wengi wanadhani aliitwa Haji kwa kuwa alienda Makka. Hapana. Jina kamili ni Sewa Haji Paroo, na kwa Wahindi wa Kutch (magharibi mwa India) jina unalipanda kama ngazi: la kwanza lako, la pili la baba, la tatu la babu au la ukoo. Yaani Sewa mtoto wa Haji, wa ukoo wa Paroo. Ukishajua hivyo huhitaji tena kutafuta cheti cha kuzaliwa, ukoo umeshaandikiwa hapo hapo.

Familia ilikua ya Waismailia (Waislamu wa Kishia, wafuasi wa Aga Khan), baba alitoka upande wa Kutch akafungua duka Zanzibar, afu akaongeza tawi Bagamoyo. Sewa mwenyewe kazaliwa 1851, akaingia kwenye biashara ya baba akiwa kijana mdogo tu. Bagamoyo wakati ule ni mji mdogo ila una pilikapilika balaa, misafara ya kwenda Tabora na Ujiji inaanzia pale, meno ya tembo yanashuka, vitambaa vinapanda.

Hebu tuangalie alichokua anauza. Siyo duka la chumvi na kiberiti. Ukitaka kwenda bara unahitaji merikani (kitambaa cha pamba kutoka Marekani, ndo jina lilipotoka), kaniki, ushanga wa rangi ambazo kijiji husika wanazipenda mwaka huo, na masango ya waya wa shaba, maana huko njiani ndizo pesa zako. Vitambaa vinakunjwa na kufungwa robota moja gumu kama gogo, frasila mbili hivi, na frasila ni kilo 16 kasoro kidogo, mpagazi anaweka begani anatembea miezi mitatu. Robota hilo liliitwa mtumba. Ndiyo, mtumba huo huo, ukienda soko la Karume kununua jinzi unataja jina la mzigo wa mpagazi.

Sasa ujanja wa Sewa Haji ni kwamba hakuishia kuuza bidhaa, aliuza na mabega. Mzungu anashuka Bagamoyo na barua ya mkopo, hajui mtu, Sewa Haji anamtafutia wapagazi wa Kinyamwezi, anamfungia mizigo, anamuuzia hadi kamba, na faida anaikata kila hatua. Stanley alipomtafuta Livingstone mwaka 1871 alikwama Bagamoyo kama wiki sita akisubiri wapagazi, na kwenye kitabu chake kamshambulia kweli kweli kijana mmoja wa Kihindi anayemwita "Soor Hadji Palloo". Ni huyu huyu, kapotoshewa jina. Alikua na miaka kama 20 tu! Stanley anamchora kama tapeli, anakuvungia huku anatabasamu. Mimi nikisoma nacheka, kwa sababu kipindupindu kilikua kimetoka kupiga pwani 1869 na 1870, Wanyamwezi wakaogopa kushuka, bidhaa ikiadimika bei inapanda, hiyo dalali yeyote wa Kariakoo atakueleza bure. Ila simtetei kwa kila kitu, bei alipandisha, na utajiri ule ulitoka kwenye pembe za ndovu katika mji ambao watumwa nao walikua wanapitishwa, huwezi kuutenganisha kama maji na mafuta.

Wajerumani walipokuja hakukimbia, akafanya nao kazi pia. Miaka ya 1890 akajenga nyumba ya ghorofa Bagamoyo akawakabidhi iwe shule, kwa sharti moja, watoto wa rangi zote wasome. Leo ni shule ya msingi Mwambao. Dar akatoa pesa ijengwe hospitali ya Waafrika na Wahindi, ikaitwa kwa jina lake, na ilipokuja hospitali mpya ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, jina lake likahamia kwenye jengo.

Alifariki 1897, hata 50 hajafika, na sehemu ya mali akaiachia serikali ya Kijerumani kwa ajili ya wagonjwa na maskini. Misafara ikashikwa na Allidina Visram, kijana aliyekuja kutoka Kutch naye akanolewa pale pale Bagamoyo. Huyu ndo akavuka mpaka, reli ya Uganda ikijengwa yeye anafungua maduka kuifuata, hadi Kampala na zaidi, akafa 1916. Mwanae akajenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba, Allidina Visram, ipo hadi kesho.

Huyo mwana aliitwa Abdulrasul Allidina Visram. Panda ngazi tena: baba katikati, babu juu. Kwa hiyo shule ya Mombasa imebeba baba na babu wote wawili. Pale Muhimbili walipounganisha Sewa na Haji likawa neno moja la ukutani, mtoto na baba wakaingia, jina la ukoo, Paroo, likabaki nje ya geti.